Nyanya alipiga vigelegele, mjomba akatoka nje: kuhusu The Battle of Algiers

Marahaba mdogo wangu. Nimelisoma swali lako mara mbili, ya pili nimelisoma taratibu sana, maana hili sio swali la filamu peke yake.

Kwa faida ya wengine, ilikuwa hivi. Kijana wa Nairobi aliweka The Battle of Algiers, filamu ya Waalgeria wanavyopigania uhuru wao kutoka kwa Wafaransa, sebuleni Jumamosi usiku, wakakaa wanne, yeye, mdogo wake wa miaka 13, mjomba wao, na nyanya yao aliyevuka miaka themanini. Ilipofika pale wanawake watatu wa Kialgeria wanapobeba mabomu kwenye mikoba kwenda kuyatega kwa Wazungu mjomba akasimama, akasema hii ni filamu ya kufundisha watoto ugaidi, akatoka nje na hakurudi. Nyanya hakusogea, na mwisho kabisa wanawake wa kwenye filamu walipopiga vigelegele na yeye akapiga. Sasa kijana anauliza nani kati yao yuko sahihi, na mbona yeye mwenyewe alikuwa anaomba wale wanawake wasikamatwe kwenye kizuizi, alafu bomu lilipolipuka akataka kulia. Na chini kabisa, kama kitu cha kuongezea tu, akaandika kwamba tarehe 7 Agosti 1998 mjomba alikuwa katikati ya mji wa Nairobi. Hiyo sentensi ya mwisho ndo imenifanya niandike jibu refu hivi, nitairudia.

Kwanza filamu yenyewe, maana wengi wanaibishia bila kujua imetoka mikononi mwa nani. Ilitoka 1966. Mwongozaji ni Gillo Pontecorvo, Muitaliano, Myahudi wa Pisa, ambaye wakati wa vita kuu ya pili alipigana chini kwa chini dhidi ya mafashisti na Wajerumani, kwa hiyo mambo ya kujificha kwenye nyumba za watu na kupita mbele ya askari na moyo mdomoni hakuhadithiwa. Lakini mtu wa muhimu zaidi kuliko hata yeye ni Saadi Yacef. Huyu ndo alikuwa kamanda wa FLN, chama cha ukombozi, ndani ya mji wa Algiers kwenyewe, alikamatwa Septemba 1957, akahukumiwa kifo, akanusurika, akaandika kumbukumbu zake akiwa gerezani, na Algeria ilipopata uhuru 1962 akaitafuta Italia impatie mtu wa kuzifanya filamu. Na ndani ya filamu yumo, anaigiza kiongozi anayeitwa Jaffar, yaani anajiigiza mwenyewe kwa jina lingine. Yule staringi, Ali la Pointe, ameigizwa na Brahim Haggiag ambaye hakuwahi kuwa mwigizaji. Anayejulikana kwenye kazi hiyo ni Mfaransa mmoja tu, Jean Martin, ndo Kanali Mathieu wa askari wa miamvuli, na huyu naye kazi zilimponyoka Ufaransa kwa sababu mwaka 1960 alitia saini tamko la wasomi na wasanii 121 waliopinga vita ile. Kwa hiyo anayeigiza mtesaji alikuwa mpinzani wa mateso. Inaonekana kwenye uigizaji wake, hajamfanya Mathieu kuwa shetani, amemfanya mtu mwenye akili, mpole wa kuongea, miwani myeusi, na hapo ndo anatisha.

Walipiga picha kwenye vichochoro vilevile vya Kasbah, mji mkongwe wa Algiers wanakoishi Waalgeria, miaka mitatu tu baada ya uhuru, na wale watu wa mtaani unaowaona wengi wao walikuwepo mambo yalipotokea. Picha nyeusi na nyeupe, yenye chenga, kamera inatikisika kama ya mwandishi wa habari, mpaka ilipoenda Marekani ikabidi waweke tangazo mwanzoni kwamba humu ndani hakuna hata kipande cha filamu ya habari, vyote vimeigizwa. Hili ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Sisi tuliokulia kwenye vibanda vya video tumezoea damu ya sinema, staringi anaua arobaini na hakuna anayehesabu. Hapa jicho lako linaambiwa hii ni kweli, na ukishaamini ni kweli huwezi tena kuchukulia kifo kama mchezo, unaanza kuuliza huyu aliyekufa alikuwa nani.

Sasa turudi kwenye ile sini iliyomtoa mjomba nje, naomba uirudie ukiwa peke yako na sauti juu.

Chumba, wanawake watatu, vioo. Hakuna anayeongea. Ngoma inapigwa, ngoma ya huko huko Algeria, inaenda mbio kama mapigo ya moyo wa mtu aliyepanda ngazi. Mmoja anakata nywele zake ndefu, mwingine anapaka rangi, wanavua haiki, yale mashuka ya kujifunika, wanapaka lipstiki, wanavaa sketi, na wakijiangalia kwenye kioo wanamuona Mfaransa. Wanapita kwenye kizuizi, askari anatabasamu, anataka kuchombeza, wanaume wa Kialgeria pembeni yao wanapekuliwa mpaka viatuni. Hapo wewe mtazamaji umeshakuwa wao. Unataka wapite. Mkono wako umebana mto wa kochi.

Alafu mmoja anaingia kwenye mkahawa, umejaa, mwanaume mmoja mstaarabu anampisha kiti. Anakaa. Mkoba anausukuma kwa mguu chini ya kaunta. Na hapo Pontecorvo anafanya kitu ambacho filamu ya uchochezi isingefanya hata siku moja: kamera inaacha kuuangalia mkoba na inaanza kuangalia nyuso, kwa macho ya yule mwanamke. Mzee anakunywa zake. Vijana wanacheka. Mtoto mdogo sana analamba aiskrimu. Inarudi kwenye uso wake, halii, hatabasamu, anaangalia saa. Anawaona, anajua, na anaondoka.

Huyo mtoto wa aiskrimu ndo jibu la swali lako. Kama Pontecorvo angetaka tu ushangilie angeonyesha mkahawa umejaa wanajeshi walevi wanaotukana Waarabu, ungeshangilia na ungelala usingizi wako. Kama angetaka tu ulaani asingekupitisha kwenye kile kioo na ile ngoma. Amekushikisha vyote viwili, mkoba na mtoto, kwa mkono uleule. Kwa hiyo kuomba wapite na kutaka kulia dakika tano baadae sio kwamba una moyo wa kigeugeu, ndivyo ilivyotengenezwa, na wewe umeitazama kwa uaminifu.

Na kuna muziki. Dakika chache kabla ya hapo, kamishna wa polisi na wenzake wanaendesha gari usiku mpaka ndani ya Kasbah, wanaacha bomu mtaa wa Thèbes, nyumba za watu waliolala zinaporomoka, asubuhi wanatoa maiti za watoto kwenye kifusi. Muziki unaopigwa pale ni wa huzuni, kama wa kanisani. Mabomu ya mikahawa yanapolipuka na wao wanatoa maiti zao, sikiliza vizuri, ni muziki uleule. Pontecorvo alitunga muziki wa filamu hii pamoja na Ennio Morricone na hilo halikutokea kwa bahati. Maiti za huku na maiti za kule zinaombolezwa kwa wimbo mmoja.

Sasa kama ni hivyo, kama filamu inalia pande zote, kwanini watu wanagombana? Mimi nimeionyesha hii filamu kwa wanafunzi kwa miaka mingi na ninachokiamini ni hiki, watu hawagombani kuhusu nini kimetokea kwenye filamu, wanagombana kuhusu hesabu ya damu ianzie wapi.

Angalia. Mtaa wa Thèbes ulilipuliwa kweli, usiku wa tarehe 10 Agosti 1956. Mabomu ya Milk Bar na ule mkahawa mwingine, La Cafétéria, ni ya tarehe 30 Septemba 1956. Filamu inayaweka kwa mpangilio huo, Thèbes kwanza, mikahawa baadae, na kwa hiyo wale wanawake wanakuja kama jibu. Lakini polisi wa Kifaransa angekuambia subiri kwanza, kabla ya Thèbes FLN walikuwa wanapiga risasi polisi barabarani mchana kweupe, na filamu inaonyesha hilo pia. FLN wangekuambia subiri, kabla ya hapo, Juni 1956, mlikata vichwa vya wafungwa wetu kwa gilotini. Mlowezi atakuambia 20 Agosti 1955, Philippeville, familia za Wazungu zilizochinjwa. Mualgeria atakuambia na maelfu waliouawa kulipiza kisasi cha Philippeville mbona huwataji, na mauaji ya 8 Mei 1945 kule Sétif je, na kwani 1830 meli zenu zilikuja kufanya nini. Kila mtu ana tarehe yake. Na kila mtu ukimuanzishia hadithi kwenye tarehe yake, yeye ndo anajibu na mwenzake ndo ameanza.

Filamu nayo imechagua tarehe yake, haikwepi. Iko upande wa Waalgeria, Pontecorvo hakuwahi kuficha. Kuna ile sini Larbi Ben M'hidi, mmoja wa viongozi wa FLN, ameshakamatwa, analetwa mbele ya waandishi na pingu, anaulizwa haoni aibu kutumia vikapu vya wanawake kubebea mabomu, naye anajibu kwamba kudondosha mabomu ya moto ya napalm kwenye vijiji ni aibu kubwa zaidi, tupeni ndege zenu sisi tuwape vikapu. Ukisikia hilo jibu unajua moyo wa filamu uko wapi. Lakini na Mathieu amepewa swali lake zito, anawageuzia waandishi: mnataka Ufaransa ibaki Algeria? Kama ndiyo, basi yapokeeni na yanayoambatana nayo. Hiyo sentensi iliwauma Wafaransa kuliko bomu lolote la kwenye filamu, maana inamvua nguo yule anayetaka koloni lakini hataki kuona lilivyoshikiliwa.

Na lilishikiliwa kwa mateso, hapo hakuna ubishi tena. Filamu inafungua na mwanaume aliyekonda, ameshateswa, ameshasema, wanampa kahawa na kumvisha sare ya Kifaransa ili awaongoze kwenye maficho, na machozi yanamshuka. Askari wa miamvuli walikabidhiwa mji Januari 1957. Katibu mkuu wa polisi wa Algiers, Paul Teitgen, Mfaransa ambaye mwenyewe aliteswa na Wajerumani wakati wa vita, aliona kwenye miili ya mahabusu alama zilezile alizozijua, akajiuzulu mwaka huohuo wa 1957, na kwa hesabu yake watu 3,024 waliochukuliwa hawakuonekana tena. Ben M'hidi alikuwa mmoja wa waliofia mikononi mwao, wakasema kajinyonga. Jenerali Aussaresses, ofisa wa Kifaransa aliyekuwepo Algiers, alikuja kukiri kwenye kitabu mwaka 2001 kwamba wao ndo walimnyonga, na Ufaransa kama serikali ilisema hivyo wazi Novemba 2024. Hesabu miaka hapo. Filamu ilishaonyesha shaka ya kifo kile 1966.

Kwa hiyo unaelewa kwanini ilipopewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye tamasha la filamu la Venice mwaka huo ujumbe wa Ufaransa ulisusa, na kwanini ndani ya Ufaransa haikupata njia mpaka 1971, na hata hapo wenye majumba ya sinema walitishwa na watu wa upande wa walowezi na wanajeshi wa zamani. Walowezi hawakuwa wakatili wote. Mamia ya maelfu walihama Algeria 1962 wakiwa na masanduku tu, wengi hawakuwa na shamba wala watumishi, walikuwa makarani na mafundi, na kwenye filamu hii saa mbili nzima hakuna hata mmoja wao aliyepewa jina na maisha. Wana nyuso, zile za kwenye mkahawa, lakini wanapewa uso dakika moja kabla ya kufa. Hapo naona wana haki ya kulalamika, na hapo pia ndo mjomba wako anaingia.

Mjomba hakuwa anaangalia Algiers 1956. Siku ile ya 1998 al-Qaeda walipolipua balozi za Marekani, watu zaidi ya 200 walikufa Nairobi, na 11 huku kwetu Dar es Salaam, na wengi Nairobi walipofuka kwa sababu waliposikia mlio wa kwanza walikimbilia dirishani kuangalia, mlipuko mkubwa ukawakuta usoni na vioo. Sasa mtu aliyekuwepo pale, umemuwekea kwenye TV mkahawa, watu wanakunywa, mkoba umesukumwa chini kwa mguu, na kamera inamuonyesha nyuso moja moja. Wewe uliingia kwenye ile sini kupitia kioo cha wale wanawake, yeye aliingia kupitia kiti cha kaunta. Usimwambie FLN sio al-Qaeda, anajua. Walikuwa wanadai nchi yao waliyonyang'anywa, na wale wa 1998 hawakuwa na deni lolote na makarani wa Nairobi, tofauti ni kubwa na mimi naishikilia. Lakini aliye chini ya kifusi hiyo tofauti haimfikii kwa wakati. Kuna mtoto wa miaka mitano alikuwa Milk Bar kweli siku ile, anaitwa Danielle Michel-Chich, bibi yake alikufa palepale na yeye akapoteza mguu. Mwaka 2012 alitoa kitabu, barua kwa Zohra Drif, mwanamke aliyeliweka lile bomu, ambaye baada ya uhuru alikuwa mwanasheria na seneta. Mtoto wa aiskrimu alikua, akaandika. Mimi siwezi kumwambia huyo mama kwamba anakosea pa kuanzia.

Mjomba amekosea kitu kimoja tu, kusema filamu inafundisha ugaidi. Kama ingekuwa inafundisha basi imefundisha kila mtu. Black Panthers wa Marekani waliitazama. Wanafunzi wa jeshi la majini la Argentina walionyeshwa ili wajifunze kwa Mathieu. Agosti 2003 Pentagon waliionyesha kwa maofisa wao wakati Iraq inaanza kuwaka, na tangazo lao lilisema jinsi ya kushinda vita dhidi ya ugaidi na kushindwa vita ya mawazo. Kila mmoja alichukua nusu yake. Ukichukua nusu tu ya hii filamu umeshaiharibu, maana vijana wa FLN wanaoteka gari la wagonjwa na kumimina risasi kwa watu wa barabarani wamo, watoto wa Kasbah wanaomburuta mlevi kwenye ngazi kwa amri ya chama wamo, na yule mtoto wa Kiarabu mchuuzi anayepigwa na kundi la Wazungu waliochanganyikiwa baada ya bomu mpaka polisi wa Kifaransa anamuokoa, naye yumo. Ambacho hakimo, na nakilaumu, ni Waalgeria waliouawa na Waalgeria wenzao, FLN ilivyowamaliza wafuasi wa Messali Hadj, kiongozi mwingine aliyedai uhuru. Yacef alikuwa mmoja wa waliolipia filamu, na penye mlipaji pana kilichonyamaziwa.

Na nyanya? Uliandika kwamba pale askari wanapovunja milango wakati wa mgomo na kuwapakia watu kwenye malori alisema kwa sauti ya chini, "Hao nawajua." Aprili 1954 Waingereza walifanya hivyohivyo Nairobi, Operesheni Anvil, maelfu wakapakiwa wakapelekwa kambini, na vijijini watu wakahamishiwa kwenye vijiji vya kuzungushiwa mitaro na miti iliyochongwa. Yeye alikuwa msichana. Tarehe yake ya kuanzia iko hapo, na vile vigelegele vya mwisho, vya Desemba 1960 watu wa Algiers walipofurika barabarani wakati Ufaransa inaamini imeshamaliza kazi, yeye hakuvisikia kama sauti ya Kiarabu, alisikia ngemi za kwao. Filamu nzima inatumia vigelegele kama muziki na Mzungu ndani ya filamu hajui ni nini, anaogopa. Nyanya hakuhitaji kutafsiriwa. Lakini mkumbuke na mtu wa Lari. Usiku wa 26 Machi 1953 nyumba za familia zilizohesabiwa na Mau Mau kuwa za wasaliti zilichomwa na wanawake na watoto ndani yake, na baada ya hapo waliolipiza nao wakaua wengi. Ungekuwa na nyanya wa Lari pale sebuleni labda angetoka nje na mjomba, na angekuwa mwana wa nchi ileile, umri uleule.

Kwa hiyo usiende kwa mjomba na hoja. Nenda umuulize alikuwa wapi saa ile, alikuwa anafanya nini, umuache aongee mpaka amalize, filamu usiitaje. Akitaka ataitaja mwenyewe.

Na lile swali lako la mwisho, kama ulikosea kumuachia mdogo wako aitazame. Ningekuwa mimi ningesubiri mwaka mmoja au miwili, na ningekaa naye, maana yale mateso ya katikati hayana maneno, ni muziki tu na nyuso. Ila ameshaona, basi kaa nae sasa. Kuna mtoto mle ndani anayepeleka barua, anayenyakua kipaza sauti cha askari na kupaza ujumbe wa FLN, Omar Mdogo. Alikuwepo kweli, mpwa wa Saadi Yacef. Tarehe 8 Oktoba 1957 alikuwa kwenye tundu la ukutani pamoja na Ali la Pointe na Hassiba Ben Bouali askari walipolilipua. Mdogo wako akiuliza alikuwa na miaka mingapi, mwambie alikuwa na 13.